Kengele ya Malab

Mlangoni kwangu hapa Garissa nimetundika kengele ya ngamia, ile ya mbao, iliyochongwa kwa kisu na kuwekewa ndimi mbili za mti ndani yake. Haina mlio mkali kama wa chuma. Hulia ko, ko, kama mgeni anayebisha hodi kwa haya. Wajukuu wakiigonga kwa mpira wao, mimi huacha ninachofanya nikasikiliza, maana kwa kitambo hicho kidogo nasikia tena harufu ya vumbi la njia itokayo Buna.

Kengele hiyo ilikuwa shingoni mwa Malab. Jina hilo kwetu Wasomali ni asali, na ndiyo rangi aliyokuwa nayo. Alikuwa ngamia wetu wa mizigo, wa mwisho kubaki baada ya kiangazi kuwamaliza wenzake. Baba alikuwa Rhamu na mifugo, kwa hiyo tulipohama kuvifuata visima vya Wajir tulikuwa wanne tu: bibi yangu, ambaye tulimwita ayeeyo, mama, mimi niliyekuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, na abti, yaani mjomba, mdogo wake mama, pamoja na punda mmoja wa maji.

Abti nilimpenda kuliko kiasi. Alikuwa tanboi, utingo wa malori, akaturudia na nyimbo, mzaha, na mdomo. Barabarani alikuwa amejifunza matusi ya lugha tatu, na aliyatema kama mtu anayetema maganda ya njugu, hata uso hageuzi. Akijikwaa, tusi. Kamba ikikatika, tusi. Ayeeyo alimwambia tu, "Sema astaghfirullah, mwanangu." Naye alisema, huku akicheka, "Hooyo, kwenye lori ukisema polepole hakuna anayekusikia." Hooyo ni mama.

Ayeeyo alikuwa na goti lililovimba, hawezi kutembea mbali. Tulimpandisha juu ya Malab, katikati ya mikeka na miti iliyopindwa ya nyumba yetu, akakaa kule kama malkia mdogo, tasbihi mkononi. Mara nyingine walinipandisha nami, nikalaza kichwa kwenye shuka yake iliyonukia moshi na ubani. Sijapata kulala usingizi mtamu kama ule, sakafu yangu ikiyumba taratibu na kengele ikiimba chini yangu.

Asubuhi moja, penye mawe mengi, Malab alipiga magoti akakataa kuinuka. Abti akavuta kamba, akasukuma, akamwimbia. Malab akaendelea kucheua, akitazama mbali.

"Anangoja umwombe radhi," mama akamtania. "Lo! Bwana wa malori ameshindwa na ngamia!"

Tulicheka sote, hata ayeeyo. Abti hakucheka. Alipiga fimbo chini, akamtukana Malab kwa mama yake, tusi ambalo sitaliandika, kisha akapaza sauti: "Laana ya Mungu ikushukie!"

Na Malab, subhanallah, akainuka.

"Mmeona?" Abti akasema kwa ushindi. "Hiyo ndiyo lugha anayoielewa."

Kule juu tasbihi ikasimama. Kisha ayeeyo akasema, "Mpigishe magoti."

"Hooyo, si ndiyo kwanza amesimama?"

"Mpigishe magoti, nishuke."

Alishuka. Akataka mikeka ishushwe, na miti, na vyombo. Mwisho akaifungua kengele kwa mikono yake mwenyewe. Hakupandisha sauti. "Umemwombea laana. Sisi hatusafiri juu ya aliyelaaniwa."

"Lilikuwa neno tu, hooyo!"

"Ndiyo. Neno."

"Basi nalirudisha."

Ayeeyo alimtazama kwa huruma. "Utalikuta wapi?"

Mama alimbebesha punda mikeka na maji. Miti ya nyumba tuliiacha pale pale kwenye miiba. Ayeeyo akashika fimbo akaanza kwenda, na hakufika mbali goti lilipomwangusha. Ndipo abti akaja akachuchumaa mbele yake, akampa mgongo. Akambeba.

Malab alitufuata, hana mzigo, hana kamba, akitikisa shingo kana kwamba kengele ingali pale. Nilitaka kumkimbilia, mama akanishika mkono. Nililia. Niliona kwamba anaadhibiwa kwa jambo ambalo hakulisema yeye. Visimani Wajir alikunywa pamoja na ngamia wa watu, kisha akaondoka nao kuelekea porini, wala hakuna aliyemfuata.

Lakini njiani nilikuwa nimefanya jambo moja. Nilitembea karibu na abti, nisikie anavyogombezwa, kwa kuwa midomo ya ayeeyo ilikuwa sikioni mwake safari nzima. Nilichosikia ni hiki: "Allah akuongoze, mwanangu. Allah akutie nguvu. Allah aulainishe ulimi wako." Akimaliza, anaanza tena. Uso wa abti ulikuwa umelowa. Nilipomuuliza, akasema ni jasho.

Tangu siku hiyo abti alipokasirika alijiuma mdomo, akavuta pumzi, kisha akanguruma "Allah akuongoze!" kwa hasira kubwa hata mbuzi wakakimbia. Watu wa sokoni Wajir walimjua kwa hilo mpaka alipofariki. Mungu amrehemu.

Mimi nilikuwa mtu mzima, nimekaa kwenye darasa la hadithi msikitini hapa Garissa, mwalimu aliposoma habari ya mwanamke aliyekuwa safarini na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamlaani ngamia wake. Mtume akaamuru ngamia ashushwe mizigo, aachwe. Na sahaba aliyeisimulia akasema kwamba ni kana kwamba bado anamwona ngamia yule akitembea kati ya watu, hakuna anayemgusa.

Sikuweza kusikiliza tena. Ayeeyo hakujua kusoma. Aliisikia mahali, akaishika. Nami miaka yote nilidhani Malab ndiye aliyeadhibiwa, kumbe yeye aliachwa huru. Aliyeadhibika alikuwa ayeeyo, aliyekuwa na pa kukaa juu ya Malab, akashuka na goti bovu kwa sababu ya neno la mwanawe.

Kengele ikilia mlangoni, nami namwona. Anatembea kati yetu, rangi ya asali, hakuna anayemgusa. Na mbele yake abti ameinama chini ya mama yake, na mdomo wa ayeeyo uko sikioni mwake, haunyamazi.