Prince wa Pompe

Tangu masasi ya vita ilitulia, muzungu moja anatengenezaka pompe ya maji mu kartie yetu, hapa Bunia. Akimaliza, anapangusa mikono kidole kwa kidole, kuanzia kile kidogo. Mwanamuke akifika ku pompe, hata mama wa mandazi, yeye anasimama. Tunamwitaka Prince, juu jina hiyo iko mu paspoti yake, na ku avenue yetu kuko Prince tatu. Moja anauzisha makala.

Jana nilimusindikiza ku biro ya komini, na bibi yake Musoki, kuandikisha binti yao kwa jina ya Prince. Agent akacheka: «Muzee, binti haitwake Prince.»

«Basi andika Princesse,» Prince akajibu. « Babu ya baba yangu alikuwa mwami kule Ujerumani. Serikali iliondoa ufalme, ikatuachia jina.»

Mutoto wa bami, na mimi namutumaka chumvi.

Musoki akauliza: «Na kwenu bataandika mutoto?»

Prince akapangusa vidole, na mikono ilikuwa safi. «Kaka yangu, mukubwa wa jamaa, amekataa. Kitabu ya jamaa haiandikake mutoto mwenye mama yake hakuzaliwa ku bami.»

Kicheko ya agent ilikauka. Akavuta kitabu ya komini karibu.

«Huku nafasi iko,» akasema.