Damu Yangu Mkononi mwa Moraa

Nimesimama hapa mbele yenu kwa miguu yangu mwenyewe, wala sijashikwa mkono. Hiyo peke yake ni shukrani tosha, lakini kaeni niwaeleze.

Mnanijua. Nauza ndizi soko la Daraja Mbili, na kabla sijanunua mkungu lazima niuzungushe, niubonyeze, niunuse. Simwamini mtu. Hata mume wangu, Baba Nyaboke, akisema mvua inakuja, natoka nje kuangalia.

Ugonjwa ulinianza kwa kichwa na viungo. Nikasema ni uchovu wa soko. Siku ya tano nilikuwa natema makohozi mazito, mbavu zinauma, na kutoka jikoni hadi chooni napumzika mara mbili. Mume wangu akanipeleka hospitali, Kisii mjini. Walisema ni virusi, vimeshuka kwenye mapafu. Nikalazwa.

Asubuhi, nani anakuja na sindano? Moraa. Huyu ni jirani yetu huko Keumbu, anafanya kazi maabara. Kati ya shamba lao na letu kuna ua ambao sisi twasema waliusogeza, na kesi iko kwa chifu. Alinisalimu vizuri, akajaza chupa mbili za damu. Kesho yake akaja tena. Jamani, damu yote hiyo ya nini? Nikaanza kumchunguza mikono.

Siku ya tatu wodini homa ilishuka. Nilioga, nikala ugali na mboga ya chinsaga, nikamwambia mume wangu alete viatu twende nyumbani. Daktari, mama mmoja mpole, akakataa. Alisema vipimo vya damu vimepanda kuliko jana: kimoja kinaonyesha mwili unawaka ndani, kingine kinaonyesha damu imeanza kuganda ovyo. Wenye vipimo kama hivyo, alisema, wengi huzidiwa ghafla.

"Damu haijui kila kitu," akaniambia, "lakini mara nyingi hujua kabla yako."

Hapo nikawaka. Kwetu, mtu akikutabiria ugonjwa kabla haujafika, humuulizi amejuaje. Unamuuliza amekufanya nini. Na aliyeandika namba hizo ni nani? Nikasema wodi nzima ikisikia kwamba Moraa anataka nife kwa hofu, ua ubaki ulipo. Naona aibu kulirudia, lakini nilisema. Moraa alikuwa mlangoni na trei yake.

Nikataka damu itolewe na mwingine, ipimwe na mwingine. Nikamtuma mume wangu aifuate ile chupa hadi mlango wa maabara, asipepese jicho. Akaifuata, maskini, kama anayesindikiza bibi harusi. Majibu yakarudi mabaya kuliko ya Moraa.

Bado nilishuku wameambiana. Nilibaki tu kwa sababu mume wangu alikataa kuleta viatu.

Mchana wa siku iliyofuata pumzi ilikatika. Midomo ikawa ya buluu, kifua kinavuta na hakipati kitu. Niliogopa sana, nikimfikiria Nyaboke wangu bila mama. Lakini oksijeni ilikuwa tayari kando ya kitanda, na sindano za kuzuia damu kuganda walikuwa wameshaanza kunidunga tumboni, yote kwa sababu ya zile namba. Ningekuwa Keumbu, mngekuwa mmenizika.

Nilipopata nafuu, muuguzi aliniambia kwamba majibu ya siku ya tatu Moraa hakuyaacha kwenye foleni. Alikimbia nayo mwenyewe kwa daktari. Nikamwita, nikamwomba msamaha, nikamuuliza kwa nini alijisumbua, na sisi tuna kesi.

"Mama Nyaboke, ya ua tutamalizana kwa chifu," akasema. "Ulitaka niyalete maabara?"

Namshukuru Mungu, na daktari, na mume wangu mkaidi. Sijaacha kushuku, na nanyi siwakatazi. Uliza damu inaenda wapi, uliza namba zinasema nini, waombe wapime tena. Ila ulizia hapo hapo kitandani, usiende kuulizia nyumbani.

Kesi ya ua ingali inaendelea, na sitarudi nyuma hata hatua moja. Lakini juzi nilirudi kliniki pale pale hospitali, kijana akaja na sindano. Nikaukunja mkono wangu, nikamwambia aniitie Moraa.