Nilivyomtoa Mama Koku ofisini kwa kosa la duplex

Wakuu, heshima kwenu wote, wa kwenye viti na wa kwenye mikeka.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na jirani. Sitaongeza chumvi maana iliyopo inatosha. Majina nimebadilisha, aibu nimeiacha kama ilivyo.

Mimi ni mtu wa IT kwenye kiwanda kimoja cha kuchakata samaki huku Ilemela, pembeni ya ziwa. Naishi Kiseke. Idara nzima ya IT niko peke yangu. Server mimi, printer mimi, simu ya bosi ikigoma mimi, na mwaka juzi niliitwa kutengeneza birika la chai kwa sababu lina waya.

Ofisi yetu imeunganishwa na makao makuu Dar kwa laini ya kukodi, yaani laini ya data ya kwetu wenyewe, hatuchangii na mtu.

Kila asubuhi kabla ya saa nne nyaraka za mzigo lazima ziwe zimefika Dar. Vyeti vya afya ya samaki, idadi ya maboksi, picha za lebo. Zikichelewa, minofu haipandi ndege. Na minofu ya sangara haina subira, wakuu.

Mwenye kazi hiyo ni Mama Koku. Mhaya, mtu mzima, kabakiza miaka miwili astaafu. Alianza kazi pale enzi nyaraka zinatumwa kwa faksi. Anavaa miwani yenye kamba, anachapa kwa vidole viwili, na tangu nimjue hajawahi kuchelewesha mzigo kwa uzembe.

Sasa tatizo likaanza hivi.

Kampuni inayotukodisha laini walikuja wakabadilisha kifaa chao pale kwetu, wakafunga kipya. Kuanzia wiki ile laini ikawa na tabia za ajabu. Uki-ping Dar, yaani ukituma kipande kidogo cha data kuona kama wanajibu, safi kabisa. Ukituma barua pepe fupi, inaenda. Ila tuma faili zito uone. Linafika nusu, linasimama, linakatika.

Mimi nikasema hii ni foleni tu. Laini imejaa, kuna mtu anakula data.

Aisee nikaanza msako.

Nikafunga mitandao ya kijamii yote. Nikafunga video zote. Mhasibu akaacha kunisalimia. Nikakata WiFi ya ukumbi wa chakula, wapishi wakaanza kunipimia mboga kwa kijiko cha chai. Nikazima mpaka kamera za getini, mlinzi akanuna wiki nzima.

Laini ikabaki vilevile.

Wakati huohuo nilikuwa napiga simu Dar kwa kampuni ya laini. Anayepokea ni jamaa anaitwa Kondo, Mzaramo. Mimi ni Msukuma, naitwa Maduhu. Kwa vijana ambao hawajakaa na wazee wao, Wasukuma na Wazaramo ni watani. Tukikutana kwenye msiba tunaweza kumnyima hata marehemu nafasi ya kupumzika. Kwa hiyo Kondo akisikia tu jina langu, kazi imeanza.

Siku ya kwanza kabisa nilimwambia laini inasuasua. Akaangalia mitambo yake, akaniambia:

"Nyie Wasukuma mna shida. Mnaongea na kusikiliza kwa mpigo, hamsubiri mwenzenu amalize. Kosa liko hapo kwako, kwenye port yako, pale kebo yetu inapoingia. Itoe full, iweke auto."

Nikacheka sana. Nikamjibu, "Mzaramo toka lini uko kazini asubuhi hii? Ngoma imeisha mapema?"

Akacheka na yeye, tukakata simu, nikarudi kwenye msako wangu.

Tukaenda hivyo wiki mbili. Nikipiga ananiuliza, "Maduhu, umeitoa hiyo port kwenye full au bado unachunga ng'ombe?" Namjibu, "Wewe shuka kwanza kwenye mnazi ndio tuongee." Ule utani ulikuwa mtamu, wakuu, mpaka nikawa nampigia hata siku ambazo sijaulizwa na mtu kuhusu laini.

Nisiwachoshe.

Nikapakua programu inayochora grafu ya nani anatumia laini kiasi gani. Nikaiacha siku tatu. Siku ya nne naifungua, kuanzia saa mbili na nusu mpaka saa nne kuna mstari mmoja umesimama wima kama lile jiwe la Bismarck pale ziwani. Nikafuatilia namba ya kompyuta.

Ya Mama Koku.

Sitawadanganya, nilifurahi. Wiki mbili nimeonekana bwege, sasa nina ushahidi wa rangi. Moja kwa moja nikajua mama anaangalia tamthilia za Kituruki. Sikujiuliza anaziangaliaje wakati video zote nilishazifunga mimi mwenyewe. Mtu ukishapata mshtakiwa hujiulizi maswali.

Kikao cha Jumatatu nikaweka grafu ukutani kwa projekta. Idara zote zipo. Nikaeleza kwa mbwembwe, nikamalizia na jina la mwenye kompyuta.

Bosi akamgeukia. "Mama Koku, asubuhi yote hiyo unafanya nini kwenye mtandao?"

"Natuma nyaraka."

"Nyaraka za kurasa nane ndio mlima wote huo?"

Mama akatazama ukuta, kisha akanitazama mimi. Kuna watu wakaguna. Mimi nikakunja waya wa projekta kwa utaratibu kama mtu aliyemaliza kazi.

Kufika mchana Mama Koku akawa na barua mkononi. Anatakiwa ajieleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua, na nakala inaingia kwenye faili lake. Huku akisubiri uamuzi, atoke ofisini, aende mapokezi ya samaki akahesabu kreti. Kule ni aproni ya plastiki, mabuti ya mpira na barafu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kazi ya nyaraka akapewa mhasibu.

Mtu kabakiza miaka miwili, wakuu. Miaka yote faili safi.

Kesho yake mhasibu akakaa, akatuma. Faili likaenda nusu, likakatika. Akatuma tena. Likakatika. Akatuma tena huku ananiangalia. Likapita saa tano kasoro, ndege haimsubiri mtu, mzigo ukarudishwa kutoka uwanjani.

Nikakimbilia grafu yangu. Mlima upo palepale, saa zilezile, safari hii una jina la mhasibu.

Hapo ndipo nikaelewa. Ule mstari haukuwa tamthilia. Lilikuwa ni faili moja linatumwa mara tisa. Kila siku Mama Koku alikuwa anapigana na ile laini mpaka nyaraka zinapita kabla ya saa nne, kimyakimya, bila kumlaumu mtu. Aliyekuwa anaokoa mzigo ndiye niliyemwanika ukutani.

Ila bado sikujua laini ina ugonjwa gani.

Nikampigia Kondo. Akaanza na ng'ombe zake, nikamwambia leo sina hamu. Nikamweleza yote, grafu, kikao, barua, barafu.

Akaacha kucheka. Kisha akasema, "Ndugu Maduhu."

Wakuu, nilipoitwa ndugu nikavuta kiti nikakaa. Mtani wako akikuita ndugu, ujue mambo yameharibika.

"Huyo mama yuko kwenye barafu muda huu?"

"Yuko."

"Basi utani tuuweke pembeni. Mimi nilikwambia kweli siku ya kwanza. Kifaa chetu kipya kiko auto, kinauliza kwanza kabla ya kuongea. Port ya router yako umeilazimisha full duplex, haijibu maswali. Chetu kikikosa jibu kinashuka half. Hapa kwangu migongano ya data ni maelfu kwa maelfu. Nikusomee?"

Kwa ambao sio wa fani, ngoja nieleze kidogo.

Full ni kama simu, wote mnaweza kuongea kwa pamoja na mkasikilizana. Half ni kama zile redio za walinzi, mmoja aongee amalize, ndipo mwingine abonyeze. Sasa chukua mtu wa simu umuunganishe na mtu wa redio. Neno fupi litapita, ndio maana ping ilikuwa safi. Hotuba ndefu lazima wakanyagane. Kwa nje inafanana na foleni kabisa, kumbe barabara ni nyeupe.

Nikaingia kwenye router. Mstari wa mipangilio upo, umeandikwa wazi, duplex full. Nani aliuandika? Mimi. Zamani kabisa, kwa sababu mwalimu wangu wa chuo alitufundisha kwamba auto ni ya wavivu. Kile kifaa cha zamani cha kampuni nacho kilikuwa full, wakaelewana miaka yote. Walipoleta kipya ndio ndoa ikavunjika.

Na dalili nilikuwa nazo. Port ilikuwa inahesabu makosa kila siku, nikasema ni kebo, nikabadilisha kebo mara mbili. Kiwanda kizima nimekikagua mpaka jikoni. Sehemu moja tu sikugusa, ile niliyoiweka kwa mikono yangu, na Kondo ameniambia kila siku kwa wiki mbili. Kwa vile alisema huku anacheka, nikaona ni utani.

Nikaweka auto. Port ikazima, ikawaka. Mhasibu akabonyeza kutuma, faili likaondoka kabla hajafikia kikombe chake cha chai.

Sasa hapa mnihukumu vizuri, maana sikuwa mtu mzuri.

Hakuna aliyekuwa anajua kitu zaidi yangu na Kondo. Nikamwandikia bosi barua pepe fupi ya kiofisi, kwamba tatizo la laini limetatuliwa kwa kushirikiana na kampuni husika. Kushirikiana, eti.

Bosi akajibu baada ya dakika tano. "Hongera sana Maduhu. Unaona tulivyomtoa yule mama, ukiacha mzigo ule mmoja, mambo yamekaa sawa?"

Nilisoma ile sentensi mara nyingi. Nikajisikia mchafu, nasema kweli. Nikafunga kompyuta nikashuka mapokezi.

Nikamkuta Mama Koku katikati ya kreti, mabuti yanamzidi namba, kalamu kaifunga na uzi kwenye aproni. Nikamwambia mama, kosa lilikuwa langu, hukufanya kitu, nisamehe.

Hakuacha kuhesabu. Alipofika mwisho wa kreti ile akaandika namba yake, ndipo akaniambia:

"Ulinisema mbele za watu. Usinisafishe mbele ya sangara."

Basi. Jumatatu iliyofuata nikasimama palepale, projekta ileile, idara zote. Safari hii sikuwa na mbwembwe. Nikaonyesha mstari wa duplex na jina la aliyeuandika. Nikaeleza mlima ulikuwa ni nini. Wapishi walikuja kusimama mlangoni, sijui nani aliwaambia.

Bosi akainuka kwenye kiti. Akaagiza faili la Mama Koku liletwe, akaitoa ile nakala mbele yetu, akaichana. Akasema mama arudi kwenye kiti chake leo hii, na akamwomba radhi kwa jina lake kamili.

Nikadhani yameisha. Mama Koku akanyanyua mkono.

"Maduhu mwanangu, nina swali moja. Siku ile asubuhi uliponikuta pale ngazini ulinipa shikamoo. Nikakuitikia marahaba, nikakuuliza watoto hawajambo. Karatasi zako za kunishtaki zilikuwa kwapani. Ulishindwa nini kuniuliza palepale, mama, mbona kompyuta yako inatuma sana?"

Wakuu, nimefanyiwa usaili mwingi maishani. Swali kama lile sijawahi kuulizwa. Ningemuuliza pale ngazini angeniambia, natuma mara tisa kwa sababu inakatika. Ugonjwa ningeujua dakika ileile. Mtu mwenye taarifa zote nilikuwa namwamkia kila siku, halafu naenda kuuliza grafu.

Nilichojifunza. Wa fani, kampuni wakibadilisha kifaa, kagueni duplex pande zote mbili kabla hamjamgusa mtu, na ping safi isiwadanganye. Wasio wa fani, grafu itakuonyesha nani anatumia, haitakwambia kwa nini. Kwa nini anayo mtu mwenyewe, na anakaa meza ya pili kutoka kwako.

Mama Koku yuko kwenye kiti chake, nyaraka zinafika Dar saa mbili na dakika arobaini.

Mimi bosi amenipa barua. Natakiwa nijieleze kwa maandishi kwa nini nisichukuliwe hatua, mwisho Ijumaa. Na ameagiza ipitie kwanza kwa Mama Koku, yeye akiridhika ndio ipande juu.

Kwa hiyo uwanja ni wenu. Mwenye kunipiga mawe apige, mwenye kisa chake alete. Ila kama kuna mkuu humu amewahi kuandika barua za namna hii na akapona, naomba anisaidie haraka. Nimekaa nayo tangu asubuhi, nimeandika "Yah:" na nukta mbili zake, hapo ndipo nimeishia.