Samoni Wangu na wa Bwana Frank

Uchovu ndio ulioniponza. Tangu mimi na familia yangu tuhamie Queensbury, Marekani, kutoka Kisumu, nilikuwa nikifanya zamu mbili kiwandani. Msimamizi wetu, Bwana Frank, aliponiuliza kama kwetu tulivua samaki, nilijibu ndiyo ili anipende. Jumapili, siku niliyotaka kulala, akanipeleka kwenye ziwa refu la kina, lenye samaki wakubwa waitwao samoni.

Mashuani tulikaa tumepeana migongo. Akanielekeza nizamishe chambo cha chuma, kisamaki bandia chenye ndoana, hadi karibu na chini, kisha nikichezeshe juu na chini. Nilikichezesha huku nasinzia. Ghafla mshipi ukavutwa kwa nguvu.

"Nimempata!" nikapiga kelele.

"Hata mimi!" akajibu Bwana Frank. "Mkubwa huyu! Usimwachie wako!"

Tulivuta, kila mmoja upande wake. Hatimaye vikaibuka ubavuni mwa mashua: chambo changu na chake, vimenasana, bila samaki hata mmoja.

Bwana Frank alivitazama, kisha akanitazama mimi. "Kwani huko Kisumu ulikuwa unavuaje?"

"Sikuwahi kuvua, bwana," nikasema, nimeishiwa nguvu. "Nilikuwa na duka. Niliuza ndoana."