Sufuria Iliyong'aa

Mama Vifungo hakulia msibani, na watu walimwona. Wengine walinong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Wengine walisema mwacheni, kilio kikichelewa huja na mafuriko. Yeye mwenyewe alikingoja hicho kilio kama mtu anayengoja fundi wa bomba, nacho hakikuja.

Jina la Mama Vifungo alilipata kiwandani. Kwa miaka kumi na mitatu kazi yake ilikuwa moja tu, kushona vifungo vya mashati. Weka kifungo, pitisha uzi mara nne, piga fundo, kata. Siku ya nne baada ya kumzika mumewe alirudi kwenye kiti chake akashona kutwa nzima bila kukosea hata shati moja. Msimamizi akamwinamia.

"Dada, nenda nyumbani ukapumzike."

"Nyumbani kuna nini?" alimuuliza, na mikono yake haikusimama.

Nyumbani kulikuwa na baba mkwe. Mzee huyo kiharusi kilimpiga mwaka mmoja nyuma, upande wa kulia ukalala. Meno yake yalibaki matatu, na hayo matatu hayakuwa majirani. Chakula kigumu kilimpalia, uji aliuchukia. Alichokimeza kwa hamu ni rojo la matufaha, na mpishi wa rojo hilo alikuwa mwanawe, huyo marehemu, aliyekuwa na meza ya matunda sokoni. Kila Jumapili alirudi na mfuko wa matufaha yaliyobonyea, yale ambayo wateja huyashika, huyapindua, kisha huyarudisha. Akajifunga aproni ya mkewe na kutangaza, "Leo jikoni ni kwa wanaume. Mwanamke akisogea atatozwa faini!" Mzee alicheka kwa upande mmoja wa uso, na huo upande mmoja ulitosha.

Tangu mazishi mzee alikuwa amefunga mdomo, akikubali vijiko vichache vya maziwa tu. Muuguzi wa zahanati, aliyekuja kila Alhamisi na mizani yake, alimpima, akatikisa kichwa.

"Kilo tano zimekwenda, mama. Alhamisi ijayo nikikuta ameshuka tena, sina budi nimlaze. Atawekewa mpira wa puani, alishwe kwa huo."

Maneno ya mzee yalikuwa yamebaki machache, lakini hili lilitoka safi. "Sitaki."

"Basi kula, babu yangu."

"Sitaki."

"Hutaki mpira au hutaki kula?"

Mzee akageukia ukutani. Mama Vifungo alisimama mlangoni. Alijua kwamba hapo mtu mwingine angeogopa. Yeye aliona kola ya koti la muuguzi imeachia uzi, basi.

Jumapili wifi yake, dada wa marehemu, alimletea matufaha. Yalikuwa mekundu, hayajabonyea, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Wifi huyu mdomo wake haukujua likizo.

"Haya mpikie baba. Menya vizuri, toa kokwa, maji kidogo tu, usimtengenezee supu. Tia ndimu yasiwe meusi. Na usisimame kama nguzo, wifi, koroga!"

Mama Vifungo alimenya, akakata, akabandika. Sufuria ilikuwa ileile ya siku zote, ila sasa iling'aa. Zamani chini yake palikuwa na doa jeusi, kubwa kama kiganja. Marehemu alikuwa na kawaida ya kubandika matufaha kisha kwenda kukaa na baba yake kwenye ubao wa drafti, na mchezo ukipamba moto hakuna aliyekubali kuinuka. Rojo likashika chini kila Jumapili.

"Umeunguza tena!" mkewe alimpigia kelele.

"Nani kaunguza? Nimekoleza."

Siku wageni wa msiba walipoondoka, hiyo sufuria ndicho kitu cha kwanza alichokishika. Aliisugua kwa waya na majivu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, doa likatoka lote. Hakujua kwa nini. Lilikuwepo la kufanya, akalifanya.

Matufaha yalipolainika akayaponda kwa mwiko, akayachuja, akatia sukari. Rojo lilikuwa laini, rangi ya asali nyepesi. Akampelekea mzee kijiko. Mzee alipokea, akakaa nalo mdomoni, kisha akaliachia likamtiririka kidevuni.

"Siyo," alisema.

Jumanne akapika tena, akaongeza mdalasini. "Siyo." Wifi alikuwepo, akashika kiuno.

"Baba, hata mtoto mchanga ana nafuu! Wifi, hebu niambie, umelionja kweli?"

"Nimelionja."

"Likoje?"

Mama Vifungo alifikiri. "Sijui," alisema, na ulikuwa ukweli. Wiki ya sita hiyo tangu msiba, kila alichotia mdomoni kilikuwa kama karatasi.

Jumatano, siku moja kabla ya mizani, alirudi kutoka kazini akakuta matufaha matano yamebaki chini ya mfuko, nayo yameanza kubonyea. Akayabandika. Kisha akasimama dirishani. Upande wa pili wa uchochoro jirani alikuwa ameanika mashati. Akaanza kuhesabu vifungo, kwa mazoea tu. Shati la tatu halikuwa na kifungo cha pili kutoka juu. Alilitazama pengo hilo. Upepo ulilifungua na kulifunga, naye akalitazama tu, hafikirii kitu, hata harufu ilipomfikia aliinusa kama harufu ya nyumba ya watu wengine.

Kishindo kikamgutusha. Mzee alikuwa anapiga mkono wa kiti kwa kiganja chake kizima, pa, pa, pa. Mama Vifungo akakimbilia jikoni, akaipua. Chini palikuwa peusi.

"Nimeunguza, baba," alisema kutoka jikoni. "Nisamehe. Hakuna mengine."

Halafu sauti ya mzee, nzito, ikivuta neno kama mtu anayevuta ndoo kisimani.

"Ume... koleza."

Mama Vifungo alisimama na mwiko mkononi. Aliponda, akachuja yaliyochujika, akaketi mbele ya mzee. Kijiko cha kwanza kilikwenda, koo likapanda likashuka. Cha pili. Bakuli likaisha, na mzee akalinyooshea kidole kuomba jingine.

Alhamisi muuguzi alisoma mizani mara mbili. "Kilo zilezile. Hajashuka." Akaufunga mkoba wake. "Haya babu, umeniponyoka. Tuonane wiki ijayo."

Wifi alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi jikoni, akaikuta sufuria kwenye karai na doa lake.

"Heee! Umeifanyaje hii? Lete waya nikusaidie kusugua."

"Iache."

"Wifi, ni aibu, akija mgeni..."

"Nimesema iache." Mama Vifungo aliichukua kutoka mikononi mwake, akaisuuza kwa maji matupu, akaifunika kando ya jiko. Alilamba ncha ya kidole kilichopita kwenye doa. Ilikuwa chungu kidogo. "Na Jumapili usiniletee yale mazuri. Niletee yaliyobonyea."