Mate Niliyomsukumia Mgeni

Mimi si mtu wa hadithi, mimi ni mtu wa jikoni. Nipe maharagwe nitakuambia yamekaa ghalani miezi mingapi, lakini kutunga uongo sijui. Kwa hivyo hiki ninachokuambia, ukitaka amini, usipotaka shauri yako. Mimi nilikuwepo, na pua yangu ilikuwepo, na mpaka leo haijapona.

Ilikuwa miaka ya themanini, baada ya ile njaa kubwa. Kwenye kilima kimoja chenye msitu, juu ya Mbumbuni, ulikuja mradi wa kuhifadhi wanyama. Usifikirie simba na ndovu. Hawa walikuwa wanyama wadogo ambao sisi hatukuwahi kuwahesabu hata kama wanyama: komba, pimbi, na hasa fungo. Fungo unamjua? Ana madoa, ni mkubwa kuliko paka, mgongo umepinda kama wa mzee mwenye hasira, na ananuka kama samli iliyooza ambayo mtu ameimwagia marashi. Ule utamu ndani ya uvundo ndio unaoua.

Wazungu vijana walikuja kwa ndege kutoka kwao, wakajilipia nauli wenyewe, ili wafanye kazi bure. Mama yangu, ambaye alikuwa akiuza ndengu sokoni, aliposikia hivyo aliniuliza, "Kwani kwao kazi ya bure iliisha?"

Mimi nilipata kazi ya kuwapikia. Na kazi yao ilikuwa nini? Kuokota mavi. Niwie radhi kama unakula. Fungo ana tabia moja: hachagui choo kipya. Anarudi palepale, mwaka baada ya mwaka, mpaka panakuwa lundo. Basi hao vijana walikuwa wanapanda kila asubuhi hadi kwenye lundo moja kubwa kando ya jiwe, wanajaza mifuko, wanakuja kuyaosha kwa chujio waone mnyama alikula nini. Chujio gani? Langu la chai! Siku niliyolikuta na mbegu na miguu ya jongoo imenasa kwenye waya, nilipiga kelele mpaka kiongozi wa kambi akashuka mwenyewe mjini Sultan Hamud kuninunulia lingine.

Kati yao kulikuwa na msichana anaitwa Marit, miaka ishirini na mbili, mrefu, mwenye uso wa kuiva jua kama nyanya. Huyo alikuwa rafiki yangu. Alijifunza Kiswahili kwa kitabu huko kwao kwenye baridi, akawa anaongea kama redio. "Dada, je, waweza kunipatia kijiko?" Jameni! Sisi Wakamba tunasema tu, "Nipe kijiko." Nilimcheka, naye akanicheka. Jioni alikuwa anakaa kwenye gogo karibu na jiko langu, ananisaidia kuchambua mchele na kuniambia habari za mama yake, ambaye alikuwa mjane na hakuwa na mtoto mwingine. Tafadhali shika hilo: hakuwa na mtoto mwingine.

Sasa sikiliza. Alasiri moja, saa kumi hivi, jua bado kali, nimeinjika chai, nikaona susu mmoja amesimama nje ya jiko. Susu ndivyo tunavyomwita nyanya, bibi kizee. Sikusikia hatua zake. Kadogo, kamejifunga shuka iliyofifia mpaka haina rangi, na mgongo umepinda. Lakini kabla ya macho kumwona, pua ilimwona. Ile harufu. Nikajiambia labda ni mifuko ya wale vijana imeachwa juani.

"Wakya," akanisalimia, kama wazee wanavyosalimia.

"Aa," nikajibu, nikamkaribisha. Kwetu mzee hafukuzwi, hata akinuka vipi. Nikampa chai na kipande cha mkate. Chai akanywa. Mkate akausukuma kando, akaingiza mkono kwenye kiondo chake, akatoa jongoo. Mzima, mweusi, mnene kama kidole changu hiki. Akamvunja katikati vile wewe unavyovunja biskuti, akatafuna, na maji ya manjano yakamteremka kidevuni. Niamini, nilisikia yale magamba yakilia kati ya meno.

"Nyinyi ndio mnabeba mavi yangu?" akaniuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza nani amehamisha ng'ombe wake.

Nikasema moyoni, kichwa cha huyu mzee kimeenda. Nikamjibu kwa adabu kwamba sisi ni watu wa mradi, tunaangalia wanyama tu.

"Hakuna shida," akasema. "Anayebeba choo cha mtu ni mtu wa nyumba. Njoo nikubariki."

Hapa ndipo penyewe. Wewe ambaye si wa kwetu labda hujui: zamani mzee akitaka kukubariki alikutemea mate. Kifuani, au mkononi, kisha unajipaka. Nyanya yangu mwenyewe alinitemea nikiwa mdogo. Lakini mimi nilikuwa nimeokoka, niko kwaya, mchungaji ametuambia mambo hayo ni ya giza. Na hata bila mchungaji, ningefungua vipi kiganja changu kwa mdomo ule wenye jongoo? Lakini kukataa nako huwezi. Mzee ukimkatalia baraka, amekulaani bila kusema neno. Nikabanwa huku na huku.

Marit akatokea na karai lake la kuoshea. Na Mungu anisamehe, nilifurahi kumwona. Nikamshika bega, nikamsukuma mbele. "Susu, mbariki huyu mgeni," nikasema. "Yeye ndiye anapenda mila zetu." Nikamgeukia Marit. "Fungua mkono. Ni heshima."

Akafungua ule wa kulia, akitabasamu kama mtu anayepewa zawadi. Susu akaniangalia mimi kwanza. Akaniangalia sana. Halafu akatema, na yale mate yalikuwa mazito, ya manjano, na ndani yake mguu wa jongoo ulikuwa bado unachezacheza. Marit akajipaka shavuni. Nilikimbilia nyuma ya jiko nikatapika chai yote. Niliporudi susu ameenda, na Marit ananusa kiganja chake.

"Dada," akasema, "kinanukia vizuri."

Wiki ile ya kwanza alikuwa tu hamalizi chakula. Ya pili akaacha kuvaa glavu, akawa anaosha yale mavi kwa mikono mitupu, polepole, kama mama anayeosha mtoto. Wenzake wakaanza kukaa mbali naye mezani, maana ananuka. Alikuwa anaoga, nilimpelekea maji mwenyewe, lakini anatoka bafuni akinuka vilevile. Choo cha kambi akakiacha, anapanda kule kwenye jiwe. Mvua za kwanza ziliponyesha na jongoo wakatoka ardhini, nilimkuta amechuchumaa nyuma ya hema lake. Aliponigeukia alikuwa na mguu mmoja mweusi kwenye mdomo, na anatafuna, na machozi yanamtoka.

"Dada, nina njaa," akasema. Kile Kiswahili cha redio kilikuwa kimekwisha. "Nisaidie."

Nilimwonea huruma, ndiyo. Lakini nilirudi nyuma hatua mbili. Yeye aliziona zile hatua.

Jumamosi nikashuka sokoni kwa mama. Mama yangu ni mtu wa kanisa kuliko mimi, lakini alizaliwa kabla kanisa halijajengwa. Nilimweleza yote, akaacha kupima ndengu.

"Hayo mate yalikuwa ya nani?" akauliza.

"Ya susu."

"Wacha ujinga. Yalikuwa yanakuja kwa nani?"

Nikainama kuokota ndengu zilizoanguka.

"Yalikuwa yako," mama akasema. "Wewe ndiye ulimlisha. Wewe ukiyapokea vizuri kama mtoto wa kwetu, ni baraka, yanakauka, yanaisha. Mgeni hana mahali pa kuyaweka. Sasa rudi, umlambe huyo msichana kiganja. Mara moja tu, umeze. Yakirudi kwako yatakuumiza tumbo siku tatu, basi. Mvua kubwa ikifika kabla hujafanya, usinitafute."

"Mama, nimlambe? Na hiyo mikono yake inaosha—"

"Ulipokuwa mtoto nilikufyonza makamasi puani kwa mdomo wangu ukikosa pumzi. Kwani yalikuwa na sukari?"

Nilirudi kilimani kwa miguu nikiomba njia nzima. Nilimkuta Marit hemani, ameketi kitandani, shavu lile alilojipaka limeota manyoya mafupi ya kijivu. Nikamweleza. Hakucheka, hakuuliza. Alinyoosha mkono wa kulia haraka sana. Kiganja kilikuwa cheusi katikati, laini, kinatoa unyevu, na kwenye mistari kulikuwa na uchafu wa lundo.

Niliinamisha kichwa. Nataka ujue kwamba nilijaribu. Nilifumba macho, nikasema jina la Yesu, nikafika karibu mpaka joto la kile kiganja likanipiga usoni. Harufu ikaingia. Nikagusa kwa mdomo uliofumbwa, kidogo tu, vile unavyogusa sufuria kujua kama ni moto. Halafu nikageuka nikajifuta na leso. Nikatema. Nikajifuta tena.

"Tayari," nikasema.

Nilipomwangalia, alikuwa anaangalia leso.

"Umejifuta," akasema.

Nikamwambia ningerudi kesho, nikiwa na tumbo tupu, ningeweza. Akaitikia kwa kichwa kama mtoto anayekubali uongo wa mtu mzima. Mvua kubwa ikaja alfajiri. Tulikuta viatu vyake vimepangwa, nguo zake zimelala kitandani kama za mtu aliyenywea akiwa ndani yake, na mto umejaa maganda ya jongoo.

Walitafuta wiki tatu. Wakaja askari, wakaja watu wa msitu, wakaletwa mbwa. Mbwa walifika kwenye lile jiwe, wakapiga chafya, wakakataa kwenda mbele. Watu wakasema chui. Mimi nikanyamaza.

Siku ya mwisho ya kutafuta nilipanda peke yangu, mchana. Kwenye lundo kulikuwa na fungo. Fungo mchana, umewahi kusikia? Alikuwa mrefu kuliko fungo wa kawaida, na macho yake yalikuwa ya maji, ya kijivu, si ya huku kwetu. Alikuwa anajisaidia, na hakukimbia. Nikaita, "Marit." Akamaliza. Akaja mpaka hatua tatu kutoka kwangu, akaketi kwenye yale mavi, akainua mguu wa mbele. Wa kulia. Akaushikilia hivyo hewani, ukiwa umejaa mavi.

Alinipa nafasi, unaelewa? Baada ya yote hayo, alinipa nafasi nyingine.

Nilitapika pale pale, na nikakimbia. Nilipoangalia nyuma bado alikuwa ameinua mguu.

Kabla ya mwezi kuisha mama yake alikuja. Mama mwembamba, amevaa koti kwenye joto lile. Hakujua Kiswahili, kiongozi wa kambi ndiye aliyetafsiri. Alisema Marit alimwandikia barua kila wiki, na kila barua ilikuwa na dada wa jikoni, dada amenifundisha hiki, dada amenicheka hivi. Alisema anashukuru kwamba mtoto wake, siku zake za mwisho, alikuwa na mtu wa kumpenda. Halafu akachukua mikono yangu yote miwili. Nilikuwa nimetoka kukata kitunguu, ilikuwa inanuka, na nilijaribu kuirudisha nyuma. Yule mama hakuiachilia. Aliigeuza, akainama, akaibusu kwenye viganja, kimoja, halafu cha pili, akaacha machozi na kamasi lake humo, wala hakuona kinyaa.

Nimeolewa, nimezaa, nimepika harusi zaidi ya mia. Kila nyama ninayoinjika inaninukia samli iliyooza, ninaonja kwa kubahatisha. Hilo si kitu. Kitu ni kwamba kanisani watu wakipeana mikono, mimi yangu naificha chini ya leso.

Sikwambii uogope mate ya wazee. Nakwambia hivi: siku ukiitwa umwokoe mtu, na wokovu wenyewe ukawa mchafu, ukanuka, ukakupindua tumbo, usiombe muda. Fumba macho ufanye. Kinyaa kinapita kwa siku tatu. Mama yangu aliniambia, nami sikuamini.