Waya wa Kusema Ngoja

Nilifanya kazi katika maabara ya depo moja ya kununua madini, pembeni mwa Kolwezi, upande wa barabara ya Dilolo. Tulisaga mawe kidogo kutoka kila mfuko, tukayaweka kwenye mashine ya kupimia kobalti, nayo ikatuma majibu kwenye kompyuta kwa kebo. Mkuu wetu, tuliyemwita Shefu, alikuwa mtu wa tai na manukato. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau yeye.

Kebo ya kwanza ilipogugunwa na panya, Shefu alimwagiza binamu yake atengeneze nyingine. Binamu akaunga nyaya tatu tu: ya kutuma, ya kupokea na ya ardhi. Nikawaambia zinakosekana zile mbili ambazo kompyuta ikielemewa huiambia mashine ngoja, na ikipata nafasi huiambia leta. Shefu akacheka, akauliza tangu lini vyuma vinaongea. Binamu akacheka zaidi, maana hiyo ndiyo kazi aliyoijua vizuri.

Tangu hapo, kila kompyuta iliposhughulika kuchapa, jibu lililofika wakati huo lilipotea, na jibu la mfuko uliofuata likakalia nafasi yake. Shefu alilaumu umeme wa bwawa la Nzilo. Hata kahawa yake ikipoa, kosa lilikuwa la Nzilo.

Ndipo akaja mama mmoja wa mtaa wa Kasulo, mjane aliyeuza mawe yaliyochimbwa chini ya sebule yake mwenyewe. Karatasi yake ilitoka na kipimo cha udongo mtupu. Shefu akamwita mwizi mbele ya foleni nzima, akidai amechanganya mawe na takataka. Mama hakubishana. Aliketi juu ya mfuko wake, akaniomba nipime tena.

Nikapima, safari hii nikisoma kwenye kioo cha mashine yenyewe. Mawe yalikuwa mazuri kabisa. Nikamwonyesha Shefu. Akakohoa, akaagiza mama aandikiwe karatasi nyingine kwa kalamu.

"Hapana, Tata," mama akasema. "Uliniita mwizi mbele ya bantu. Sasa useme mbele ya bale bale bantu: huyu mama hapana mwizi."

Shefu akajibu kwa Kifaransa kwamba ni hitilafu ya umeme, akaingia ofisini na kufunga mlango. Mama akajitwika mfuko wake, akavuka barabara kwenda depo ya jirani. Waliokuwa kwenye foleni wakamfuata mmoja mmoja, bila kelele. Uani ikabaki pikipiki ya binamu.

Kesho yake nililehemu zile nyaya mbili bila kumwomba mtu ruhusa, nikarekebisha mipangilio ya kompyuta, na hakuna jibu lililopotea tena. Shefu aliwaambia wenye depo kwamba yeye ndiye aliyeufuatilia umeme mpaka ukatulia. Wakampongeza, wakampandisha cheo. Mimi niliacha kazi mwezi uleule. Yule mama tunasalimiana sokoni mpaka leo, naye mawe yake bado anayauza kule ng'ambo ya barabara.